Hewa hufuata njia rahisi: kupoza rejeta na intakula kwenye gari lililoongezwa nguvu

Desemba ya mwaka juzi nilipanda Mlima Kitonga na Toyota Mark II yangu nyuma ya malori matatu. Kitonga ni ule mpando wa barabara kuu ya kwenda Zambia, ukishaliacha bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni na kabla hujafika Ilula. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, nafasi ya kupita gari lingine hakuna, na lori lenye kontena linapanda kwa mwendo wa mtu anayewahi daladala. Gia ya kwanza, gia ya pili, jua la saa saba mchana. Kona ya tatu geji yangu ilisoma nyuzi 104. Kona ya tano, 112. Utingo wa lori la mbele alichungulia dirishani akapaza sauti: "Dada, gari linachemsha!" Mvuke nilikuwa nimeshauona.

Kilichoniuma ni kwamba mbele ya gari lile kila kitu kilikuwa kipya: rejeta nene ya alumini, intakula kubwa (kipoza hewa iliyobanwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini), feni mbili za umeme. Akiba ya miezi minane. Na kabla sijavifunga, gari lile lile lilikuwa limepanda Kitonga mara nne bila kuchemsha hata siku moja.

Baba yangu alikuwa fundi wa rejeta za malori pale Gerezani, Dar es Salaam, enzi ambazo rejeta ilikuwa ya shaba, unaifumua juu na chini, unapitisha waya bapa kwenye kila mrija, kisha unaichomelea upya. Nilipofika Ilula nikapata kivuli, nikampigia. Baada ya shikamoo na pole ya safari, aliniuliza swali moja. "Mwanangu, hewa inapita wapi?" Nikamwambia, inapita kwenye grili. "Hapo ndipo inapoingilia. Mimi nimekuuliza inapita wapi."

Yote ninayoyaeleza hapa yametoka kwenye swali hilo.

Nilichokuwa nimekiharibu

Gari lenyewe ni JZX100. Wengi wanalijua umbo hilo kwa GX100, ile yenye injini ya 1G ya lita 2. Langu lina 1JZ-GTE, lita 2.5, silinda sita, turbo moja, nguvu za farasi 280 kwa karatasi za kiwanda. Kiwandani Toyota waliiweka intakula ndogo kwenye kona ya bampa, pembeni kabisa, ili isiisumbue rejeta. Rejeta nayo ilikuwa inavutiwa hewa na feni kubwa ya klachi inayozungushwa na injini, ikiwa ndani ya kava la plastiki linalofunika rejeta yote.

Nilipopandisha presha ya turbo hadi bar 1, nikanunua intakula ambayo kila mtu ananunua: sentimita 60 kwa 30, unene 7.6. Ilikaa mbele ya kondensa ya AC (ile inayopoza gesi ya AC), na kondensa iko mbele ya rejeta. Kwa hiyo hewa ilikuwa inapigana na kuta tatu kabla ya kufika kwenye injini, na ilifika kwenye rejeta ikiwa tayari ya moto. Rejeta mpya ya milimita 53 haikuacha nafasi ya feni ya klachi, nikaitoa feni na kava lake. Feni za umeme nikazifunga kwa zile tai za plastiki zinazopenyezwa katikati ya vibati vya rejeta. Vibati ninavyosema ni zile karatasi nyembamba za alumini zilizokunjwa-kunjwa kati ya mirija. Ndivyo vinavyokabidhi joto kwa hewa. Kava la chini ya injini lilikuwa limeshatupwa na fundi aliyemwaga oili mwaka wa nyuma yake, naye aliniambia halina kazi.

Fikiria hewa kama maji ya mvua uani kwako. Ukiweka kizuizi chenye matundu madogo, na pembeni ukaacha upenyo wa vidole viwili, maji yote yatapita kwenye upenyo. Rejeta na intakula ni vizuizi vyenye matundu madogo. Ukiiachia hewa nafasi pembeni, juu au chini, itapita huko, na wewe utaendelea kununua rejeta nene zaidi. Rejeta ikizidi kuwa nene bila hewa kusukumwa, hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu kizuizi kimekuwa kigumu na upenyo wa pembeni uko vilevile.

Pima kwanza

Sindano ya joto kwenye dashibodi usiitegemee. Magari mengi ya Toyota ya miaka ile sindano inakaa katikati kwa nyuzi nyingi sana, halafu ikianza kupanda ujue umeshachelewa. Funga geji yenye namba. Kuna kipande cha bomba chenye tundu la sensa: unaukata mpira wa juu wa rejeta, unakichomeka, unabana klipu pande zote mbili. Mimi nimeweka kingine kwenye mpira wa chini pia, na hicho ndicho kimenifundisha mengi. Gari likiwa kwenye kazi ngumu, tazama tofauti ya maji yanayoingia na yanayotoka. Kama juu ni 105 na chini ni 102, maji yanazunguka vizuri lakini hewa haichukui joto; shida iko upande wa hewa. Kama juu ni 105 na chini ni 75, hewa inafanya kazi ila maji hayapiti vya kutosha: mirija imeziba, pampu imechoka, au tamostati (valvu inayoyaruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto) haifunguki yote. Mimi Kitonga nilikuwa na tofauti ya nyuzi 3.

Kipimo cha pili kinagharimu bei ya chai. Nunua mpira mwembamba wa kuona ndani, ule wanaotumia mafundi ujenzi kupimia levo. Kipande kimoja kikunje kama herufi U, kigandishe kwenye ubao, tia maji yenye rangi hadi katikati, uweke ndani ya gari mbele ya abiria. Kutoka ncha mbili za U vuta mipira mirefu: mmoja uishie mbele ya rejeta, kati yake na kondensa, mwingine uishie nyuma ya rejeta. Ncha zile zizibe, kisha toboa vitundu vidogo ubavuni mwake, maana mdomo ukielekea upepo utapata namba ya uongo. Abiria asome tofauti ya urefu wa maji ukiwa kwenye mwendo wa 80 barabara tambarare.

Hiyo tofauti ndiyo nguvu inayoisukuma hewa ipite kwenye rejeta. Kwa mwendo wa 80, upepo wote unaolikabili gari una nguvu ya kama milimita 29 za maji, kwa hiyo usitarajie makubwa. Mimi nilipata milimita 6. Sita! Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anasoma, akadhani mpira umeziba. Haukuwa umeziba.

Kusafisha

Kabla ya kukata bati lolote, fungua bolti za kondensa na uisogeze mbele kidogo bila kukata bomba za gesi. Kati ya kondensa na rejeta kuna uchafu ambao hakuna anayeuona akitazama kutoka nje. Kwangu kulikuwa na manyoya ya kuku, mabawa ya kumbikumbi, na kipande cha mfuko wa plastiki kilichoyeyuka kikaganda. Osha kwa mpira wa kawaida wa maji na sabuni ya kuoshea vyombo, ukianzia upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Zile mashine za presha za kwenye kuoshea magari zisikaribie hapo; zinalaza vibati, na kibati kilicholala kimefunga mlango. Vilivyolala viinue kwa kijiti cha mshikaki, taratibu, kimoja kimoja. Ni kazi ya jioni nzima. Ukiishi pwani, tazama pia kama vibati havigeuki unga mweupe, maana hewa ya chumvi inavila, na vikishaliwa rejeta haioshwi tena, inabadilishwa.

Intakula ioshwe ndani pia. Turbo na mpira wa hewa ya injini huleta ukungu wa oili, na oili ikitanda ndani ni kama umeivisha sweta. Tia mafuta ya taa lita moja, ziba midomo, tikisa, mwaga, rudia hadi yatoke meupe. Kisha maji ya moto na sabuni, kisha suuza, kisha iache juani siku nzima. Usiifunge ikiwa na tone la maji wala harufu ya mafuta.

Kuziba nyufa

Hapa ndipo gari langu lilipona, na ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Subiri usiku. Weka taa kali ndani ya chumba cha injini, nyuma ya rejeta, ufunge boneti kadiri waya unavyoruhusu, kisha zunguka mbele upige magoti. Mwanga unaopenya kwenye vibati ni sawa. Mwanga unaopita pembeni, juu au chini ya rejeta ni hewa unayoipoteza. Mimi niliona mistari miwili ya mwanga kushoto na kulia, upana wa vidole viwili kila mmoja, na chini ya rejeta palikuwa wazi kiasi cha kupitisha kiganja. Baba alikuwa amekaa kwenye ndoo pembeni. Hakusema neno, alinyoosha kidole tu.

Nilinunua bati la alumini la milimita 1. Nikatengeneza kuta mbili kutoka kwenye kingo za tundu la bampa hadi kwenye kingo za rejeta, zikiwa kama mdomo wa faneli. Pale bati linapokutana na rejeta au bampa usilibananishe chuma kwa chuma. Injini inatetemeka, bati litaitoboa rejeta. Acha nafasi ya kidole, kisha rivetia ukanda wa mpira wa tyubu ya lori ambao unalala na kuegemea. Mpira wa tyubu unavumilia joto la pale mbele, haugharimu kitu, na ukichakaa unaurudishia. Nyufa ndogo kati ya intakula, kondensa na rejeta nimeziba kwa vipande vya mkeka wa mazoezi, ile sponji ngumu isiyonyonya maji. Sponji ya godoro usijaribu. Inanyonya maji, inaoza, halafu inavunjika vipande vinavyokwenda kukaa kwenye vibati ulivyotoka kuviosha.

Kava la chini nimelikata kwenye dramu la plastiki la bluu, lile zito la kuhifadhia maji. Linaanzia chini ya bampa hadi nyuma ya rejeta kidogo, mbali na bomba la moshi. Kazi yake wengi hawaijui: hewa inayopita kasi chini ya gari ikiruhusiwa kupanda, inajaza chumba cha injini, na hewa ya rejeta inakosa pa kutokea. Hewa haiingii mahali ambapo iliyotangulia haijatoka. Kwa sababu hiyo hiyo, ule mtindo wa kunyanyua boneti upande wa kioo kwa kuweka washa kwenye bawaba sikushauri. Chini ya kioo upepo unasukuma kwa nguvu, kwa hiyo ukiwa kwenye mwendo hewa huingia pale badala ya kutoka. Kwenye foleni ya Ubungo joto litapanda kutokea hapo, ni kweli, ila barabara kuu unajiumiza.

Nilirudia kipimo cha mpira wa levo barabara ile ile, mwendo ule ule. Milimita 17.

Feni

Feni isiyo na kava inavuta hewa ya kwenye duara lake tu, na nyingine inaizungusha kutoka pembeni. Nilirudisha feni ya klachi na kava lake la kiwandani, na ili vitoshee nikashuka kwenye rejeta ya milimita 42. Rafiki zangu walinicheka kwa kuuza rejeta nene nikanunua nyembamba. Nilipoitoa ile nene, nilikuta tai za plastiki zimekwangua mrija mmoja hadi unatoa jasho la kijani. Mwezi mmoja zaidi ungetoboka.

Klachi ya feni ijaribu hivi: injini ikiwa baridi na imezimwa, izungushe kwa mkono, iwe na uzito kidogo. Ikizunguka raundi tatu nne yenyewe, imekufa. Injini ikiwa ya moto, zima, subiri feni isimame, jaribu tena, inapaswa kukukatalia. Kama nafasi yako inakulazimisha feni za umeme, tengeneza kava la bati linalofunika rejeta yote, utoboe duara za feni humo, na ukate madirisha yenye vipande vya mpira vinavyofunguka vyenyewe kwenye mwendo kasi. Waya uwe mnene, relei iwe ya kweli, na pima volti kwenye plagi ya feni yenyewe ikiwa inazunguka. Kama betri inaonyesha 13.8 na feni inapata 12, volti zilizobaki zinaishia kupasha waya.

Jaribio la mwisho: injini ya moto, feni inazunguka, weka karatasi mbele ya kondensa. Inatakiwa inate palepale, pembeni na katikati pia.

Intakula

Turbo inapobana hewa, inaipasha. Kwa presha ya bar 1 siku ya nyuzi 31, kompresa ya kawaida huitoa hewa ikiwa na nyuzi zaidi ya 115. Hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo, na inafanya mafuta yalipuke kabla ya wakati wake. Injini inagonga, kompyuta inarudisha nyuma moto wa plagi, na zile nguvu ulizozilipia zinapotea.

Multimita nyingi za bei ya kawaida zina waya wa kupimia joto. Penyeza mmoja kabla ya intakula na mwingine baada yake, ziba kwa gundi ya silikoni. Chukua tofauti ya joto linaloingia na linalotoka, gawanya kwa tofauti ya joto linaloingia na hewa ya nje. Intakula yangu kubwa: inaingia 118, inatoka 50, nje 31. Hiyo ni 68 kwa 87, asilimia 78. Nzuri sana, lakini imeifunga rejeta pumzi.

Nikaibadilisha kwa ya sentimita 55 kwa 23, unene 6.5, ya mirija myembamba badala ya ile ya mabamba mazito. Ya mabamba inameza joto la ghafla vizuri zaidi, inafaa mtu wa mbio fupi. Ya mirija inaachia hewa ipite kwenda nyuma, na mimi safari yangu ni kilomita 500 za kwenda nyumbani Iringa. Niliishusha kwenye tundu la chini la bampa, ili grili ya juu iilishe rejeta moja kwa moja. Sasa hewa inatoka na nyuzi 56, yaani asilimia 71. Nyuzi 6 hizo ni chini ya asilimia 2 ya uzito wa hewa inayoingia kwenye injini. Ukiniuliza kama naujutia uamuzi huo, hapana, hata kidogo.

Pima presha pia, kabla na baada. Tofauti ikizidi bar 0.1 kwenye kazi kubwa, intakula au bomba zake zinabana, na turbo inafanya kazi ya bure inayozalisha joto zaidi. Mara nyingi tatizo ni kuvuja. Chonga kizibo cha kukaa kwenye mdomo wa turbo, kifunge kwa klipu imara, tia valvu ya tairi, jaza hewa ya kompresa taratibu isizidi presha unayoendeshea, kisha paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Uso wako usiwe mbele ya kizibo, kikiruka kinavunja meno. Mimi nilikuta viungo viwili vinavuja, vyote kwenye bomba ambazo mdomo wake haukuviringishwa ukingo. Mpira ulikuwa unateleza.

Ukiwa na tanki la ziada la maji ya kioo na pampu yake, vinyunyizio viwili mbele ya intakula vinasaidia sana kwenye mpando. Maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto jingi mno, lita moja inabeba zaidi ya kilojuli 2,200. Tumia maji yasiyo na chumvi. Dar es Salaam hewa imejaa unyevu, hayakauki haraka. Ukishapita Mikumi utaiona tofauti.

Maji, kifuniko, tamostati

Maji ya kisima usiyatie kwenye injini. Yana chumvi, nayo inaganda ndani ya mirija kama unavyoiona kwenye birika la chai. Natumia theluthi moja ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na theluthi mbili za maji safi yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa ya kujazia betri; soma lebo mara mbili, usije ukachukua asidi. Nusu kwa nusu wanahitaji wenzetu wenye theluji, na lita ya mchanganyiko huo inabeba joto pungufu ya maji matupu kwa karibu moja ya kumi. Maji matupu nayo hayafai, yanaitafuna alumini. Kulanti ni tamu na ni sumu, usiimwage mahali penye watoto, kuku au mbwa.

Kifuniko cha rejeta kiheshimu. Vya Toyota vingi vimeandikwa presha ya 0.9 au 1.1. Kikiwa kizima, cha 0.9 kinayazuia maji yasichemke hadi karibu nyuzi 118 ukiwa Dar. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, huko maji kwenye sufuria yanachemka kwenye 95, na kwa kifuniko hicho hicho ni kama 116. Mpira wa kifuniko ukipasuka unarudi kwenye sufuria. Nilikuwa na rejeta mpya na kifuniko cha miaka tisa. Ndiyo maana nilianza kuona mvuke kwenye 112. Usikifungue kikiwa cha moto. Baba ana kovu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Tamostati, tafadhali, irudishe. Najua mafundi wengi wanaitoa kwa nia njema kabisa. Lakini kwenye 1JZ ile tamostati inafungua njia ya rejeta na wakati huo huo kwa sahani yake ya chini inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Ichemshe kwenye sufuria na kipimajoto uone inaanza kufunguka nyuzi ngapi. Zetu ni kama 82. Binzari na yai bichi, ambavyo wengine huvitia kwenye rejeta inayovuja, viende jikoni. Vinaziba tundu, na vinaziba mirija pia.

Kama gari lako ni la otomatiki, kumbuka oili ya giaboksi inapozwa kwenye tanki la chini la rejeta. Rejeta za alumini za kubadilishia nyingi ni za gari la manyua (la gia za mkono), hazina njia hiyo. Utahitaji kipoza oili chake, kikae pembeni, kisiwe ukuta wa nne.

Ukishajaza, egesha gari pua ikiwa juu, hita kwenye joto la mwisho, kifuniko wazi, injini ikiunguruma taratibu hadi mapovu yaishe. Mapovu yasipoisha kabisa hata baada ya nusu saa, na maji yana harufu ya moshi, simama: hiyo ni gasketi ya hedi, na hakuna bati wala feni itakayoitibu.

Mwezi wa tisa mwaka jana nilipanda Kitonga tena, nyuma ya malori mawili na basi moja, saa nane mchana. Maji ya juu yalifika nyuzi 97, ya chini 88. AC ikiwashwa inapanda hadi 101, kwa hiyo kwenye kona tatu za mwisho bado naizima na kushusha vioo.